Mwamba Ngoma na Upande wa Pili

Wahenga wa pwani walisema kuwa mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Methali hii imezoeleka mno hata aghalabu hutamkwa kwa haraka, kama mtu alipaye deni dogo, na anayeisikia huichukua kuwa ni lawama: fulani ni mchoyo, fulani anajipendelea. Lakini maneno yenyewe hayamlaumu mtu. Hayasemi kwamba mwambaji ni mwizi wa ngozi, wala kwamba amenuia dhuluma. Yanasema tu kuwa mkono hauna namna nyingine. Aliyekaa upande huu wa mzinga, hata akiwa mcha Mungu wa kupigiwa mfano, huvuta kuelekea upande huu, kwa kuwa huko ndiko kuliko mwili wake. Ndiyo maana fundi mwangalifu huizunguka ngoma, akavuta huku kisha akavuta kule, au humwita mwenziwe akae upande wa pili. Ngozi hukazika sawasawa kwa kuwa pana mikono miwili inayoshindana. Usafi wa moyo wa mwambaji, ingawa ni jambo la kupendeza, hauongezi wala haupunguzi kitu katika kukaza ngozi.

Ngoma ina nafasi ya heshima pia bara, katika nchi ya Ugogo, ambako wanawake hupiga ngoma za muheme wakizibana magotini. Na ni huko Dodoma na katika uwanda wa kati wa Tanzania, mbali na bahari, ambako methali hii ya pwani imepata kesi yake iliyo wazi kupita nyingine. Kesi hiyo inahusu bima ya afya. Swali lake ni hili: je, yafaa mtu mwenye kushika mfuko unaolipia matibabu aketi pia katika bodi ya hospitali inayolipwa na mfuko huo?

Kwanza msomaji na alitazame jambo lilivyo. Hospitali huuza: kitanda, kisu cha daktari, kipimo cha damu, kidonge. Mfuko wa bima hununua, na hununua kwa fedha ambazo si zake. Ni za mwalimu aliyekatwa mshahara, ni za mkulima wa mtama aliyeuza debe mbili ili aandikishwe. Baina ya wawili hawa pana mvutano usiokwisha juu ya bei, juu ya kipimo kilichohitajika na kisichohitajika, juu ya madai yaliyochelewa. Sasa mchukue mkurugenzi wa mfuko, umkalishe katika bodi ya hospitali. Asubuhi anasoma hesabu za hospitali, anajua inadaiwa kiasi gani na muuza oksijeni na itastahimili siku ngapi bila kulipwa. Alasiri, ofisini kwake, anaamua madai ya hospitali hiyohiyo yalipwe lini. Yaweza pia kuwa kinyume chake. Baada ya miaka mitatu ya vikao ameipenda hospitali, picha yake imetundikwa ukumbini tangu siku ya kufungua wodi mpya, na madai yakija na kasoro anaona haya kuyarudisha, ilhali hospitali nyingine, isiyo na mtu wake mezani, inarudishiwa madai kwa kukosa sahihi moja. Katika sura ya kwanza hospitali imeonewa. Katika sura ya pili mfuko umeonewa. Na katika zote mbili mgonjwa hakujua hata kwamba kikao kilikuwapo.

Jambo hili huitwa mgongano wa maslahi, maneno yaliyotoka ofisini na yenye harufu ya ofisini. Hata hivyo neno maslahi lina nasaba nzuri. Limetoka katika mzizi wa Kiarabu uleule uliozaa suluhu na kusuluhisha, na maana yake ya asili ni kufaa, kutengenea, kuwa katika hali njema. Wanazuoni wa fikihi walilitumia kwa manufaa ya watu wote. Katika Kiswahili cha leo limeshuka ngazi kadhaa, hata mtu akisema anadai maslahi yake, msikilizaji hufikiria mshahara, posho na marupurupu. Lakini ukilirudisha neno kwenye asili yake, ugumu wa jambo hujitokeza. Maslahi ya mfuko ni mema: fedha zisiishe kabla ya mgonjwa wa mwisho. Maslahi ya hospitali nayo ni mema: mgonjwa aliyelala mbele yake asife leo. Lau moja lingekuwa ovu, kila mtu angeliona na pasingekuwa na haja ya insha. Ni kwa sababu yote mawili ni mema ndipo mtu mwema huweza kukalia viti vyote viwili pasi na kusutwa na dhamiri yake.

Wasomaji wa visiwani hawahitaji kwenda mbali kupata kipimo cha jambo hili. Katika fikihi ya Shafi, iliyowalea wengi wao, wakili aliyepewa nyumba aiuze haruhusiwi kujiuzia mwenyewe, hata kama bei anayoitoa ni nzuri. Msimamizi wa wakfu hajipangishi duka la wakfu. Kadhi hasikilizi shauri la mwanawe. Kinachostahili kuzingatiwa ni hoja walizozitoa mafakihi. Hoja moja ni tuhuma: watu watamdhania vibaya, na amana haiwezi kukaa penye dhana mbaya. Hiyo ndiyo hoja ambayo sheria za kisasa zimeichukua, na ndiyo nyepesi. Hoja nyingine ina kina zaidi. Mauzo ni tendo la watu wawili, mmoja hutoa na mwingine hupokea. Anayejiuzia mwenyewe hakufanya mauzo mabaya, bali hakufanya mauzo hata kidogo. Alisema peke yake na kujijibu peke yake. Kwa mtazamo huu, mtu anayekaa pande zote mbili za meza hakuiharibu bei. Bei haikuwahi kupatikana, kwa kuwa bei ni kile kinachobaki baada ya wawili kubishana.

Sasa tuingie barani. Serikali ya Tanzania ilianza kurejesha uchangiaji wa gharama katika hospitali zake mwaka 1993, na miaka mitatu baadaye, katika wilaya ya Igunga mkoani Tabora, ukafanyiwa majaribio Mfuko wa Afya ya Jamii. Kaya ilitoa mchango mdogo mara moja kwa mwaka, katika wilaya nyingi kati ya shilingi 5,000 na 10,000, na kwa mchango huo watu wake wakatibiwa zahanati bila kulipa tena. Kila shilingi ya mwanachama iliongezewa nyingine kutoka serikalini, na nyongeza hiyo ikaitwa tele kwa tele, jina ambalo mshairi yeyote angelionea wivu. Sheria ya mfuko ilipitishwa mwaka 2001, mwaka uleule ambao Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioundwa kwa sheria ya 1999, ulianza kazi kwa watumishi wa Serikali, asilimia 3 ikitoka kwa mtumishi na asilimia 3 kwa mwajiri.

Ni huo mfuko mdogo wa vijijini unaohusika hapa. Sheria iliukabidhi kwa bodi ya huduma za afya ya halmashauri. Bodi hiyo ndiyo iliyokusanya na kuendesha fedha za wanachama. Bodi hiyohiyo ndiyo iliyosimamia zahanati, vituo vya afya na hospitali ya wilaya. Na katibu wake alikuwa Mganga Mkuu wa Wilaya, ambaye ndiye mkuu wa watumishi wote wa zahanati hizo. Mnunuzi na muuzaji hawakukutana mezani, kwa kuwa walikuwa mtu mmoja, na hawakuwa na sababu ya kukutana.

Ni makosa kudhani kwamba walioiandika sheria hiyo walikuwa na nia mbaya, au hata kwamba walikuwa wazembe. Anayejua barabara za Mpwapwa na Kondoa wakati wa masika, anayejua wilaya ilivyokuwa na daktari mmoja au wawili kwa watu wa tarafa nzima, ataelewa kwa nini mkono mmoja ulionekana ni huruma na akili. Nani mwingine angezishika fedha hizo? Nani mwingine alijua bei ya dawa? Kuweka ofisi ya pili kungekuwa kula mchango wa maskini kwa mishahara ya makarani. Hoja hii haikuwa ya uongo.

Lakini tuseme mwanamke wa kijiji fulani cha Chamwino amelipa mchango wake baada ya mavuno. Mwezi wa tatu mtoto anashikwa na homa, anampeleka zahanati, anaonyesha kadi. Anapimwa, anaandikiwa, anakwenda dirishani, naye anaambiwa dawa hakuna; aende duka la dawa akanunue. Amelipa mara mbili. Amwendee nani? Mfuko wake ni ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya. Zahanati ni ya Mganga Mkuu wa Wilaya. Ofisa wa mfuko anayepaswa kuiuliza zahanati kwa nini ilimrudisha mwanachama wake mikono mitupu ni mtumishi mwenzake yule wa dirishani, na wote wawili wanaandikiwa ripoti ya kazi na bosi mmoja. Hapana aliyeiba. Yumkini bosi mwenyewe alilia kwa siri kwa kukosa dawa hizo. Kilichokosekana ni mtu ambaye kazi yake ni kukasirika kwa niaba ya yule mwanamke.

Mwanachama asiye na wa kumsemea hufanya jambo moja tu: haandikishi kaya yake mwaka unaofuata. Hapigi kelele, haandiki barua. Uandikishaji katika wilaya nyingi ulibaki chini mno ya matarajio kwa miaka mingi, na maelezo yaliyotolewa mara kwa mara ofisini ni kwamba wananchi hawana uelewa wa bima. Neno hili uelewa limetumika kuficha mengi. Mkulima wa Ugogo, ambaye ameweka akiba ya nafaka dhidi ya njaa tangu zama za mababu zake, anaelewa vizuri sana kutoa leo kwa ajili ya kesho. Anaelewa pia ghala lililo tupu.

Mwaka 2011, mkoani Dodoma, mfuko huo ulianza kuundwa upya kwa msaada wa Uswisi, katika mradi ulioitwa Tuimarishe Afya. Mengi yalibadilishwa: maofisa wa uandikishaji wakakaa vijijini wakisajili kaya kwa simu za mkononi pamoja na picha, kadi ikakubaliwa nje ya zahanati ya kijiji chake. Lakini badiliko lenye uzito wa kimaadili lilikuwa moja, nalo halikuhitaji mashine. Uendeshaji wa mfuko ulitenganishwa na utoaji wa huduma. Anayelipa akawa mtu mwingine na anayetibu akawa mtu mwingine, na zahanati ikalipwa kwa kuwahudumia wanachama badala ya fedha kuzunguka ndani ya nyumba moja. Miaka mitatu baadaye, 2014, ukaongezwa mpango wa Jazia: pale Bohari ya Dawa inapokosa dawa fulani, zahanati na hospitali za mkoa hujazia kwa kununua kutoka kwa msambazaji mmoja binafsi aliyeshindanishwa na wenziwe na kupewa mkataba. Mwaka 2018 mambo haya mawili, mfuko ulioboreshwa na Jazia, yalipelekwa nchi nzima. Hayakuondoa umaskini wa mfuko, wala hayakujaza kila rafu. Yaliweka tu mtu upande wa pili wa ngoma.

Watetezi wa viti viwili wana hoja nyingine, na ni ya watu makini. Hospitali na bima, wanasema, zina lengo moja, nalo ni afya ya mtu. Kwa nini zitazamane kama maadui sokoni? Mkurugenzi wa bima akikaa bodini ataijua hospitali kwa ndani, ataelewa kwa nini upasuaji una gharama, na ataacha kukata madai kwa ujinga. Historia ina mfano mkubwa wa matumaini haya. Mwaka 1929, mjini Dallas huko Marekani, Hospitali ya Chuo Kikuu cha Baylor ilikubaliana na walimu wa mji huo watoe senti 50 kila mwezi, nayo iwalaze hadi siku 21 wakiugua. Hospitali yenyewe ndiyo iliyobuni bima, na kutokana na mbegu hiyo ikakua mifuko ya Blue Cross iliyoenea nchi nzima. Kwa miongo kadhaa watu wa hospitali waliketi kwa wingi katika bodi za mifuko hiyo, na hata alama yake, msalaba wa buluu, ilikuwa mali ya Chama cha Hospitali cha Marekani hadi mwaka 1972. Palikuwa na amani kubwa. Hospitali zililipwa kila zilichotumia, na gharama zikapanda, na aliyelipia kupanda huko ni yule mwalimu wa senti 50 na wajukuu zake. Amani baina ya mlipaji na mlipwaji si jambo la bure. Swali ni nani anaigharimia.

Dawa inayotolewa na sheria za leo ni tangazo. Mjumbe na atangaze maslahi yake, aandikwe katika kumbukumbu, kisha atoke chumbani linapojadiliwa jambo linalomgusa. Ni kanuni nzuri kwa mambo madogo. Ndugu yake ana kampuni ya kufua mashuka, zabuni ya mashuka inafunguliwa, anatoka, anakunywa chai, anarudi. Lakini mkurugenzi wa bima akiwa katika bodi ya hospitali, ni jambo gani lisilomgusa? Kununua mashine ya kusafisha damu kunagusa madai ya wagonjwa wa figo. Kumwajiri bingwa wa moyo kunagusa. Kufungua kliniki ya jioni kunagusa. Akitoka kwa uaminifu kila linapokuja lake, atakuwa mjumbe wa veranda. Na hata akitoka, kiti chake hakitoki. Wenzake waliobaki ndani wanajua nani atayasoma maamuzi yao kesho, na wanajua pia kuwa hundi ya robo mwaka haijasainiwa.

Nchi hii iliwahi kuwa na fikra tofauti na hiyo. Masharti ya uongozi katika Azimio la Arusha la 1967 yalikwenda moja kwa moja kwenye viti: kiongozi asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, asiwe na hisa humo, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Azimio halikumwuliza kiongozi kama moyo wake ni safi. Lilimwuliza amekaa wapi. Mnamo Februari 1991, katika kikao cha chama kilichofanyika Zanzibar, masharti hayo yalilegezwa, na mwaka huohuo mlango ukafunguliwa tena kwa hospitali za binafsi za kibiashara, zilizokuwa zimepigwa marufuku tangu 1977. Ilipotungwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma mwaka 1995, uzito ulikuwa umehamia kwenye fomu: kiongozi aorodheshe mali, madeni na maslahi yake. Hapana haja ya kulilia Azimio, ambalo lilikuwa na ukali wake na unafiki wake. Wapo waliozihamishia nyumba zao kwa wake na wana kabla wino haujakauka. Ila katika kuliacha, pamoja na mengine, iliachwa pia hekima ya methali: kwamba swali la kwanza ni la mahali mtu alipoketi, na la pili ndilo la mtu mwenyewe.

Na Dodoma ya leo imekuwa mji wa watu kuketi karibukaribu. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia huko mwaka 2016, kutimiza uamuzi wa 1973, Wizara ya Afya imo humo, makao makuu ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya yamo humo, Bunge limo humo, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyofunguliwa mwaka 2015 katika eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma, imo humo. Hospitali hii ni neema kwa watu wa kanda ya kati, ambao zamani walibebwa hadi Dar es Salaam kwa maradhi ya figo na moyo. Ujenzi wake ni miongoni mwa miradi iliyotolewa fedha na Mfuko wa Bima. Kwa hiyo mfuko ambao wajibu wake ni kuikagua hospitali kwa jicho kavu ni mfuko huohuo uliochangia kuisimamisha. Na juu ya vyote viwili, juu ya mlipaji na mlipwaji, yupo waziri mmoja. Hapa hahitajiki hata mtu wa kuketi katika bodi mbili. Mpangilio wenyewe umeketi. Ripoti za Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali zimetaja mara kadhaa mikopo ambayo Mfuko uliitoa kwa Serikali na taasisi zake na ambayo haikurejeshwa kwa wakati. Hilo halistaajabishi. Ni nani hudai kwa ukali deni analodaiwa na mzazi wake?

Pana watakaosema kwamba utengano nao una madhara yake, na Machi 2024 ulitoa ushahidi. Mfuko ulitangaza kitita kipya cha mafao chenye bei mpya kuanzia tarehe 1 ya mwezi huo, hospitali binafsi zikasema bei hizo hazilipi hata gharama, na kadhaa kati ya zilizo kubwa zikatangaza kutowahudumia wanachama wa Mfuko. Wagonjwa walifika na kadi zao wakaambiwa walipe taslimu au waende kwingine. Ulikuwa ugomvi wa tembo, na nyasi ziliumia. Asiyeona ubaya wa siku zile hajawahi kuugua.

Pamoja na hayo, siku zile zilikuwa na jambo ambalo halikuwahi kuonekana katika miaka ya amani. Bei zilisemwa hadharani. Mtu wa kawaida, akisikiliza redio ndani ya daladala, alisikia kwa mara ya kwanza kwamba kumwona daktari kuna bei hii kwa mujibu wa Mfuko na bei ile kwa mujibu wa hospitali, na kwamba tofauti yake ndiyo inayogombewa. Alisikia upande mmoja ukidai kwamba kuna wanaoandika vipimo visivyofanyika, na upande wa pili ukidai kwamba madai hukaa miezi bila kulipwa. Hoja zilipingana, na kila moja ilikuwa na ukweli ndani yake. Lau wakuu wa pande zote mbili wangekuwa wanaketi katika bodi za wenzao, mambo hayo yangemalizwa kwa simu, jioni, kwa lugha ya upole, na bei ambayo ingepatikana ingekuwa ile inayowasumbua wote wawili kidogo na inayomsumbua mwanachama zaidi. Kati ya ugomvi unaosikika na maelewano yasiyosikika, mgonjwa maskini, ingawa ugomvi humwumiza leo, ana njia ya kuingilia katika ule wa kwanza tu.

Mambo haya yanavuka bahari. Mwezi Novemba 2023 Bunge la Dodoma lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na mwaka huohuo Zanzibar nayo ilianzisha Mfuko wake wa Huduma za Afya, katika visiwa ambavyo baada ya Mapinduzi ya 1964 vilizoea kusikia kuwa matibabu ni bure. Barani, angalau, umbali unaweza kusaidia: mtu wa Itigi hamjui mtu wa Mfuko. Visiwani mwenye kulipa na mwenye kulipwa walisoma madrasa moja, wanaswali safu moja, na mmoja wao amemwoza mwenziwe binti. Udogo huu ndio uzuri wa maisha ya visiwani, na ndio mtego wake. Mtu hatolewi katika bodi kwa kuambiwa kuwa hafai. Huambiwa hivyo nani, mbele ya watu, na jirani yake? Kwa hiyo huachwa, naye kwa hisani hubaki. Wazee waliokataza msimamizi wa wakfu kujipangisha duka waliishi katika miji midogo kama hii. Walijua kuwa penye kujuana sana ndipo sheria ya viti inapohitajika zaidi, ili mtu aweze kukataa kiti bila kumtusi aliyempa, na aweze kunyimwa bila kuvunjiwa heshima.

Turudi kwa yule mwanamke wa Chamwino. Katika mpango ulioundwa upya, ofisa aliyemwandikisha anaishi kijijini kwao, nyumba ya tatu kutoka kisimani. Hana madaraka yoyote juu ya zahanati. Hana dawa. Jioni, baada ya kuambiwa dirishani kwamba hakuna, mwanamke anakwenda kwake na mtoto mgongoni, anaiweka kadi juu ya meza, na kumwuliza fedha yake imekwenda wapi. Kijana hana jibu. Lakini yeye si mtu wa zahanati, na ukimya wake hauwezi kumfaa mtu yeyote, kwa hiyo anachukua simu yake, anamwuliza mama jina la dawa, na mama anamtolea karatasi aliyoandikiwa asubuhi.